"Si unajua": kwa wadogo zetu mnaokwenda nyumbani kufanya utafiti

Rasimu za sura ya nne za tasnifu, ile ya matokeo, zimeanza kuzunguka tena. Mchagga kaandika kuhusu Wachagga, Mpare kuhusu Wapare, na wote wameteleza palepale walipoteleza kaka na dada zao. Tunawapenda, lakini jamani! Mifano hapa ni ya Kilimanjaro. Wa kwingine mbadilishe majina, makosa ni yaleyale.

1. Vibali. Barua ya chuo, mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kuzaliwa pale hakukuondolei hata meza moja, na kila meza itabaki na nakala yake, kwa hiyo durufu za kutosha kabla hujapanda gari.

2. "Si unajua." Hapa tukae, maana ndipo tulipoumia karibu wote tuliotangulia.

Mgeni akimuuliza bibi jinsi mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, inavyopikwa, bibi ataanzia kwenye kumenya ndizi. Mjukuu akiuliza, anajibiwa hivi: "Unachemsha ndizi, unaziacha, unakuja kutia mso. Si unajua mwenyewe." Na kwenye rekodi sauti ya mtafiti inasikika vizuri kabisa: "Ndiyo bibi, najua." Kicheko kidogo, swali la pili. Mahojiano ya dakika 50 yanaweza kuwa na "si unajua" kumi na tano, na kila moja ni shimo.

Kwa nini tunaitikia? Kwa sababu ya heshima, na kwa sababu ya mama. Mjukuu asiyejua mbege amelelewaje? Ukikiri hujui, aibu haiishii kwako, inamfikia mama yako aliyekupeleka mjini. Basi unaitikia. Miezi mitatu baadaye uko mezani, sura inataka maelezo, na rekodi haina kitu. Unachota kwenye kumbukumbu zako za likizo, unampigia binamu, unajaza. Kisha chini unaandika: "Mahojiano na mtoa taarifa wa 3." Bibi hakusema hayo. Umemwekea maneno mdomoni, na hakuna msimamizi atakayegundua, maana yamekaa sawa kabisa. Hakuna aliyekusudia kughushi, lakini data imeghushiwa.

Tazama kilichopotea kwenye sentensi ile fupi ya bibi. Ndizi ni mbivu, zinachemshwa kwa saa kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, kisha unga wake unapikwa. Huo ndio mso. Gome la mti wa msesewe ndilo linaloleta uchungu, na likizidi watu wanaiacha pombe kwenye kata ya kunywea. Kila hatua ina maswali yake: ndizi za aina gani, debe ngapi kwa ulezi kiasi gani, siku ngapi za baridi na ngapi za joto, nani anaonja kwanza, ikiharibika inamwagwa au inaokolewa? Halafu kuna hili: mbege kwa Kichagga ni ulezi wenyewe. Kinywaji kimebeba jina la nafaka, si la ndizi. Rasimu tatu za mwaka huu zimeandika "pombe ya ndizi" kwenye kichwa cha habari na hakuna hata moja iliyouliza kwa nini.

Dawa ipo. Sema: "Bibi, ya nyumbani kwetu naijua, leo nataka ya kwako." Mama amesalimika na bibi ameanza kumenya ndizi. Au nenda na mwenzako wa Mtwara aulize yeye, wewe uandike. Nzuri kuliko zote ni kwenda siku wanayopika, na mizani ya jikoni na saa. Bibi anaposema "kiasi", pima hicho kiasi kabla hakijaingia sufuriani.

3. Kitenzi cha "hu-". "Mchagga huomba msamaha kwa jani la isale." Nani huyo? Lini? Umeliona lini mara ya mwisho, na lilipokewa au lilikataliwa? Hiyo "hu-" inafuta mtu, mwaka na kijiji kwa herufi mbili. Isale lipo kwenye mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), lipo makaburini, lipo kwenye kuomba radhi. Andika ulilikuta wapi na lilifanya kazi gani siku hiyo. Ukikosa la kuandika kwa "-li-", bado hujafanya utafiti.

4. Miaka. Usimuulize mzee ilikuwa mwaka gani. Muulize ilikuwa kabla au baada ya umangi, yaani utawala wa machifu wa Kichagga, kufutwa (1963), ya Azimio la Arusha (1967), ya vita vya Kagera (1978 hadi 1979). Tengeneza karatasi ya matukio kumi, iwe mfukoni.

5. Mzee mwalimu mstaafu. Anajua kila kitu, anazungumza kwa aya, na nusu ya maneno yake yametoka vitabuni. Mmisionari Bruno Gutmann aliandika mengi kwa Kijerumani kuhusu mila za Wachagga, na yamezunguka kupitia tafsiri na mahubiri mpaka yamerudi kijijini kama kauli za wahenga. Swali ni moja: "Uliliona mwenyewe, au uliambiwa na nani?" Na mila za Old Moshi usizipeleke Rombo, hata kama kote ni Uchaggani.

6. Ukoo. Mahojiano 20, kumi na sita ni shangazi na wajomba: hicho ni kikao cha harusi. Tena jirani hatakwambia ukweli wa mpaka wa kihamba ikiwa babu yako ndiye aliyeusogeza. Suala la ardhi mpe mwenzako alikusanye, na useme hivyo kwenye sura ya tatu, ya mbinu za utafiti.

7. Simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo simu ya mjomba itakata rekodi katikati. Saa moja ya sauti inakula saa tano au sita za kuinukuu kwa maandishi, na ikiwa ya Kichagga, zaidi ya hapo, kwa hiyo anza usiku uleule. Andika Kichagga kwanza kama kilivyosemwa, Kiswahili mstari wa chini.

8. Shukrani ni sukari kilo mbili, wala si bahasha ya pesa. Na ukimaliza, nakala ya sauti ya bibi mpelekee kwenye memori kadi. Mjukuu anayekaa naye ana simu ya kuisikilizia, na bibi akijisikia kwenye rekodi ndipo atakapokwambia: "Hapa nilikosea, ndizi zile hazikuwa zimeiva."