Unadhifu kwa Pesa Kidogo: Majibu ya Barua Zenu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mfuko mwepesi, lakini mtu anataka aonekane nadhifu. Tumechagua tano. Aliyetuuliza avae saa ya aina gani atuwie radhi, maana saa haijawahi kuficha kola iliyochakaa.

Suti au mashati?

*Nimepata kazi yangu ya kwanza ya ofisini nikiwa na suruali moja ya maana na mashati mawili. Wenzangu wananishauri nijibane ninunue suti ili niheshimike. Mimi naona bora niende kwenye mitumba, ila sijui kuchagua. Nianze na nini?*

Hongera ya kazi, kaka. Suti iache kwanza. Suti moja ikivaliwa mfululizo, kufikia Jumatano kila mtu ameshaizoea, na suruali yake itachakaa mapema kuliko koti, ubaki na nusu suti. Anza na suruali 2 za kitambaa, moja ya bluu iliyokoza na moja ya kijivu, mashati 4 ya rangi tulivu, na koti 1 linaloelewana na suruali zote. Suruali 2 kwa mashati 4 ni mavazi 8. Ukihesabu na koti, kulivaa au kulivua, ni 16. Hesabu hiyo inatimia tu iwapo kila shati linakwenda na kila suruali, kwa hiyo lile la maua lisubiri mshahara wa tatu.

Kwenye mitumba usianze na lebo, anza na mabega. Mshono unaounganisha mkono wa shati au koti na mwili unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka kwa zaidi ya sentimita 1 hivi, rudisha nguo hiyo hata kama kitambaa chake kimekuteka. Kupunguza bega ni kung'oa mkono mzima, kukata upya tundu lake na kuushonea tena. Kazi hiyo inaweza kukugharimu kuliko nguo yenyewe, na mara nyingi mkono hurudi umepinda. Kiuno, urefu wa mikono na urefu wa suruali ni kazi ndogo kwa fundi yeyote mwenye cherehani na subira.

Bega likikubali, inua nguo uielekeze kwenye mwanga. Tazama msamba na makalio ya suruali, viwiko vya koti, na sehemu ya kola inayosugua shingo. Mwanga ukipenya hapo kuliko kwingine, nyuzi zimeshalika na tundu haliko mbali. Funga na kufungua zipu mara 3. Geuza makwapa nje. Kisha vuta mshono wa paja kwa vidole viwili, pande zote mbili: uzi ukionekana umeachana kama ngazi, mshono umechoka, ingawa huo hurekebishika. Kitambaa kilicholika hakina dawa.

Kuna na hili la kujua kitambaa ni nini pale lebo imekatwa. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, kwenye ukingo wa ndani usioonekana. Usichukue uzi wa mshono, kwa sababu mashati mengi ya pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta na utadanganyika. Ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati na uuwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huelekea kuzimika yenyewe ukiondoa moto. Bila shaka jaribio hili ni la nyumbani, kwa nguo uliyokwisha kuinunua, muuzaji hatakuruhusu. Faida yake ni kujua utaifuaje na utaipiga pasi ya moto kiasi gani.

Kabla ya kupeleka nguo kwa fundi, ifue na ikauke kabisa. Pamba ikifuliwa baada ya kukatwa inaweza kurudi ndani, na suruali iliyokuwa sawa ikaanza kuonyesha soksi. Nenda na viatu utakavyovivaa kazini. Simama wima, mikono chini, usiiname kujitazama, kwa kuwa ukiinama suruali hupanda na kipimo huharibika. Mwambie fundi aache akiba ya sentimita 3 au 4 ndani ya pindo badala ya kuikata. Mkono wa shati uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na wa koti uwe mfupi kidogo ili shati lichungulie kama sentimita 1. Shati likikupwaya ubavuni, mikunjo miwili ya kushonea mgongoni, kila mmoja ukila sentimita 2 hadi 3 za kitambaa, hulibadilisha kabisa bila kugusa mabega. Kiuno cha suruali usikipunguze zaidi ya sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma husogeleana hadi ikaonekana kama macho yaliyokaribiana.

Nyeusi imekuwa kijivu, nyeupe imekuwa njano

*Habari za kazi. Sketi zangu nyeusi zimepauka na nimeambiwa niziloweke kwenye chumvi. Blauzi nyeupe nazo zina manjano kwapani. Nikitia blichi ndiyo kwanza yanazidi. Nakosea wapi?*

Dada, chumvi iache jikoni. Husaidia kitambaa kunywa rangi wakati wa kutiwa rangi, lakini haikamatishi rangi ya nguo iliyokwisha kutengenezwa.

Jua kwanza aina ya kijivu uliyonayo. Mara nyingi nguo haijapoteza rangi, imebeba mabaki ya sabuni, hasa pale maji ni machumvi na sabuni ya unga imetiwa kwa mkono mkarimu. Changanya nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye lita 4 za maji baridi, loweka sketi dakika 30, suuza mara 2, anika. Ikirudi nyeusi, ugonjwa ulikuwa sabuni: punguza kipimo chako hadi nusu na ongeza suuza moja. Isiporudi, ichunguze kwa karibu penye mwanga. Ukiona vinyuzi vidogo vilivyosimama juu ya kitambaa, umeisugua mno. Kama ni laini lakini imepauka zaidi mabegani na upande uliokuwa ukitazama juu kwenye kamba, ni jua. Ya pamba inaweza kutiwa rangi upya. Ya poliesta haishiki rangi za kawaida za kutia nyumbani, na hata kwenye ile ya pamba nyuzi za mishono zinaweza kubaki na rangi ya zamani. Kuanzia sasa geuza ndani nje kabla ya kufua, tumia maji baridi, usisugue kitambaa kwa kitambaa, na anika kivulini ikiwa bado imegeuzwa.

Manjano ya kwapani hutokana na jasho kukutana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Blichi ya klorini ikikutana na mabaki ya jasho huyafanya yawe manjano zaidi, ndiyo maana juhudi zako zinakwenda kinyume. Chukua kijiko kimoja cha mezani cha soda ya kuokea, kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Koroga iwe uji mzito, paka kwenye doa kwa upande wa ndani, acha dakika 30, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji baridi. Doa kongwe huhitaji kurudiwa mara 2 au 3. Usilipige pasi kabla halijatoka, joto hulikazia. Njia hii ni ya pamba nyeupe. Hariri na sufu ziepushe nayo. Na kwa vyovyote usichanganye blichi na siki katika beseni moja, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Ili yasirudi, paka dawa ya jasho usiku kwapa likiwa kavu, safu nyembamba. Usiku jasho ni dogo, dawa hupata nafasi ya kuziba vinyweleo, na asubuhi unavaa blauzi juu ya ngozi isiyo na unyevu wa dawa.

Vipele vya ndevu

*Kila nikinyoa kidevu, baada ya siku mbili shingo imejaa vipele. Nimebadilisha wembe mara nne, hadi ule ghali wa makali matano. Hali ni ileile.*

Kaka, makali matano ndiyo yanayokuumiza. Kali la kwanza huvuta unywele, la pili huukata, na unywele hunywea chini ya ngozi. Wako ukiwa wa kipilipili, huota ukijikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani. Dawa yako ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi kabisa.

Pumzisha shingo wiki 3 au 4 hadi vipele vitulie, kisha tumia mashine ya umeme ukiacha urefu wa milimita 1. Kwa mtazamaji aliye mbele yako, milimita 1 ni kidevu kilichonyolewa. Ukilazimika kutumia wembe, uwe wa kali moja na mpya: lowesha kwa maji ya vuguvugu dakika 5, paka povu, nyoa kufuata uelekeo wa ndevu (shingoni hubadilika, zipapase kwanza), usivute ngozi, usirudie palepale zaidi ya mara moja. Mashine ifute kwa spiriti ya asilimia 70 kila baada ya kazi, na kama unanyolewa na kinyozi, hilo ni jambo la kudai bila haya. Unywele uliojikunja uunyanyue kwa ncha ya sindano safi, usiung'oe. Ukiung'oa, unaofuata huota vilevile. Vipele vikigeuka uvimbe mgumu unaokua, hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Krimu ya kuchanganyiwa

*Shikamooni. Nina madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Kuna mtu anachanganya krimu kwenye vikopo, bei nafuu, na rafiki yangu aling'aa ndani ya wiki moja. Niogope?*

Marahaba, mwanetu. Ogopa. Doa la chunusi huchukua miezi kufifia. Kinachong'arisha uso mzima ndani ya wiki moja aghalabu ni steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) ya kipimo kisichojulikana, au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi na kuleta michirizi na chunusi mpya. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, unalenga pia vipodozi vya aina hiyo. Kikopo kisicho na orodha ya viambato hakina cha kujadiliwa. Na rafiki yako asiache ghafla peke yake. Amwone mhudumu wa afya, kwani ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka vibaya ikinyimwa.

Fedha uliyotaka kutoa pale inatosha vitu vitatu. Cha kwanza ni sabuni ya uso isiyokausha. Sabuni nyingi za mche zina pH (kipimo cha asidi, ambacho 7 ni katikati) ya 9 hadi 10 ilhali ngozi iko karibu na 5, ndiyo maana uso hukaza ukikauka. Cha pili, losheni isiyo na manukato kwa uso. Mafuta ya mgando yafae miguu, viwiko na visigino, yapakwe ndani ya dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Cha tatu, kinga ya jua ya SPF 30 (namba ya nguvu ya kinga), ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi. Kipimo chake ni mistari miwili inayojaza kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo ya hapo kisha husema haifanyi kazi. Ukikaa juani, rudia kila saa 2. Bila kinga hiyo, jua huyakoza madoa upya kila siku. Kofia yenye ukingo mpana husaidia, na hainunuliwi kila mwezi.

Kama chunusi bado zinatoka, dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha, maana ya asilimia 10 huongeza muwasho kuliko faida. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka unaofuata, ipe wiki 6 hadi 8, na tumia taulo jeupe kwa sababu itababua la rangi. Limau na dawa ya meno usoni, hapana.

Soli inaachia

*Viatu vyangu ni vizima juu, ila soli ya mbele inafunguka. Nimegundisha mara mbili, haidumu wiki.*

Unabana gundi ikiwa mbichi. Fungua sehemu yote iliyolegea, kwangua gundi ya zamani, sugua pande zote mbili kwa msasa hadi ziparuze, futa vumbi, acha pakauke. Paka gundi ya viatu safu nyembamba juu na chini, kisha ngoja dakika 10 hadi 15. Gusa kwa kidole, na ukiona hainati tena, ndipo ubane. Inashika papo hapo, kwa hiyo lenga sawasawa kuanzia nchani. Gongagonga kwa nyundo, funga kwa mpira, usivae kwa saa 24. Gundi ile ya matone inayokauka kwa sekunde haifai hapa: ikikauka huwa ngumu kama kioo, na soli hukunjika kila hatua.