Mama mkwe amesema "niacheni tu": tumwache au twende naye Berlin?

"Shangazi, shikamoo. Naishi Hannover, Ujerumani, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Ni muuguzi, nafanya zamu za mchana na za usiku, na tangu tujaliwe mtoto mimi na mwenzangu hatujatoka hata siku moja sisi wawili tu. Mwezi wa kumi na moja mama mkwe alikuja kutoka Lindi kututembelea, na atakaa miezi mitatu. Nikaona nafasi ndiyo hii: twende Berlin kutembea, tarehe 28 Desemba mpaka tarehe 1, mama abaki na mjukuu wake. Mume wangu, bila kuniuliza, akamwambia mama kwamba tunakwenda wote. Tukagombana chumbani. Kumbe mama alisikia. Asubuhi akasema, 'Mie niacheni tu hapa na mjukuu wangu, baridi yote hii nitakwenda kuona nini?' Mume wangu amenuna. Mimi nasema, si amesema mwenyewe? Tangu afike hatoki karibu na hita, hata dukani hataki. Je, nikiyachukua maneno yake kama alivyoyasema, nitakuwa nimekosa? – Mke aliyechoka, Hannover."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu, na pole kwa kugombana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno moja: "niacheni tu". Wewe ni mtoto wa kwetu, unajua mgeni akikaribishwa chakula hujibu kwanza kwamba ameshiba. Ukimwamini, unamlaza na njaa. Mama huyu amewasikia mkigombana kwa ajili yake, nyumbani kwenu, katika nchi ambayo hata kusoma kibao cha duka hawezi. Ulitaka ajibu nini? Aseme "mie nataka kwenda"? Mama wa Lindi mwenye haya zake hawezi kutamka hivyo mbele ya mkwe aliyekwisha kukasirika. Alichofanya ni kujitoa yeye ili nyinyi mpatane. Basi maneno yake usiyachukue kama ruhusa.

Na hata angekuwa anamaanisha, mimi nisingekubali. Siku nne na mtoto wa miaka miwili, katika nyumba ambayo akigongewa mlango hajui aseme nini, na mtoto akipata homa usiku hajui ampigie nani. Wewe muuguzi unalielewa hili kuliko mimi. Msimwache.

Ila sikwambii kwamba ulichotaka ni kibaya. Miaka miwili bila kukaa na mumeo kwa utulivu ni mingi, na anayekwambia uvumilie tu hakutakii mema. Mwenye kosa hapa ni mumeo. Alimwambia mama yake kabla hajakwambia wewe, akawaweka wanawake wawili mahali ambapo mmoja akifurahi, mwingine lazima aumie. Hilo umwambie, wewe na yeye tu, nje ya nyumba, hata kama ni kwenye maegesho ya magari. Usingoje muwe ndani ya treni. Mwambie hivi: "Mama anakwenda, nimekubali. Lakini jioni mbili ni zangu na wewe." Yatamke hivyo hivyo, kwa idadi. Ukisema "nataka tupate muda" atakuitikia "sawa", na hautaupata.

Sasa hili la hita. Nenda mlangoni, ukaangalie viatu vya mama.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimekaa Ujerumani miaka tisa, na mwaka wa tatu mama yangu mzazi alikuja, mwezi wa Januari. Nikampeleka Berlin kwa siku mbili. Nilikuwa na orodha ndefu, na nilitaka aone kila kitu kwa sababu sikujua kama atakuja tena. Tulipofika Lango la Brandenburg upepo ulikuwa unapita katikati ya zile nguzo kama maji ya mto. Nikampiga picha, nikampiga nyingine, nikamwambia asogee kushoto. Hakusema neno. Tuliposhuka stesheni akakaa kwenye benchi, akavua kiatu. Vilikuwa viatu vyake vya harusi, vya ngozi nyembamba, soli kama karatasi, na soksi za nailoni. Vidole vimekuwa rangi ya majivu. Nilipiga magoti pale chini, nikaviweka vidole vyake katikati ya viganja vyangu, nikavifunga kwa skafu yangu, watu wanatupita. Akaniambia, "Nimeshaona mwanangu, turudi nyumbani." Mpaka anaondoka Ujerumani hakutoka tena nje. Miaka yote hii mimi najua kwamba mama yangu hakukataa kutembea. Nilikuwa nimemvalisha koti zuri na nikasahau miguu.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, kabla ya chochote, mnunulie mama buti zenye manyoya ndani, namba moja zaidi ya anayovaa ili soksi nene ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kikibana, damu haipiti, na soksi hata iwe nene vipi haisaidii. Nguo za ndani za kubana, za mikono mirefu, halafu gauni lake, halafu sweta, halafu jaketi refu la kufika chini ya magoti. Kanga ajitande ndani ya jaketi kama amezoea. Glovu. Kofia juu ya mtandio. Mtoe kwanza hapo hapo Hannover, nusu saa tu, arudi akiwa hana baridi. Utaona hita ataisogelea mara chache.

Halafu kuna jambo ambalo huenda wewe na mumeo hamjalifikiria. Mama ametoka Lindi, na Berlin kuna kitu cha Lindi.

Katika jumba la makumbusho ya viumbe, lile la Invalidenstraße, amesimama yule mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko Lindi. Mama atakuwa amemsikia, maana kwetu habari zake hazijaisha, hata bungeni limeulizwa kwa nini asirudishwe. Kimo chake ni mita 13.27, shingo inapanda mpaka karibu na dari. Mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na waliochimba ni watu wa huko huko, mamia yao, chini ya Wajerumani. Msimamizi wao mkuu, fundi aliyetegemewa kuliko wote, alikuwa Boheti bin Amrani. Kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi ulikuwa mwendo wa siku nne kwa miguu, na mifupa ilipita njia hiyo vichwani na mabegani mwa watu, mzigo baada ya mzigo, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu. Waliobeba ni watu waliokuwa wametoka kwenye vita na njaa.

Siwezi kujua kama babu wa mkweo alikuwamo. Lakini mama huyu ni mtu wa mahali pale, na huenda katika ukumbi mzima siku hiyo hatakuwapo mwingine anayeijua njia ya kwenda Lindi. Mwacheni asimame. Kuna mahali pa kukaa, na ndani kuna joto. Msimsomee kila kibao, msimwambie atabasamu kwa ajili ya picha. Huenda akafurahi, huenda akakasirika, huenda akanyamaza kabisa. Mjukuu wake akiwa mkononi, naye atamwambia anachotaka kumwambia, kwa Kimwera au kwa Kiswahili, na nyinyi kaeni karibu msikilize. Hiyo iwe siku ya mama, na siku hiyo msiongeze kitu kingine kikubwa.

Kama atakuwa na nguvu, treni ya chini ya ardhi namba U6 inayopita kwenye jumba hilo, na kituo chake chaitwa Naturkundemuseum, ndiyo hiyo hiyo inayokwenda mpaka kituo cha Afrikanische Straße, kaskazini. Ukishuka huko unakuta mitaa yenye majina ya kwetu: Sansibarstraße, Usambarastraße. Kuna njia pale iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024 vibao vilibadilishwa, na sehemu yake moja sasa yaitwa Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa makazi wa kawaida, hakuna cha kulipia. Mpigeni mama picha chini ya kibao hicho, moja, haraka, mrudi kwenye joto.

Ratiba yenyewe ifuate jua. Berlin mwisho wa Desemba kunakucha kama saa mbili na robo asubuhi, na jua linazama kama saa kumi jioni. Adhuhuri inaingia saa sita na dakika chache, na mpaka magharibi hazifiki hata saa nne. Ukipanga kama unavyopanga kiangazi, mama atakuwa anahesabu sala zinavyompita huku nyinyi mnapanga foleni. Sheria ya msafiri ya kujumuisha na kupunguza yeye anaijua kuliko sisi, basi muulizeni asubuhi anataka kusimama wapi na saa ngapi, ratiba ijengwe juu ya jibu lake. Kwa siku moja kitu kimoja cha mchana kinatosha.

Kwa yale majengo maarufu, pandeni basi namba 100 pale Alexanderplatz. Ni basi la kawaida la mji kwa tiketi ya kawaida, na mengi ya mabasi yake ni ya ghorofa. Linapita Unter den Linden, karibu na Lango la Brandenburg, linapita jengo la bunge lenye kuba la kioo, linazunguka nguzo ya ushindi, mpaka Zoo. Mama akae juu, kiti cha mbele kabisa, mjukuu mapajani, chupa ya chai ya tangawizi kwenye mkoba. Ataona Berlin nzima bila upepo kumgusa. Nyinyi wawili kama mna tiketi zenu za mwezi za nchi nzima mtapanda nazo, yeye mkatieni ya siku. Treni ya kasi haimo katika tiketi hizo, msije mkashikwa njiani.

Mkitaka kupanda kwenye kuba la bunge ni bure, ila lazima mjiandikishe mapema kwenye mtandao kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na mama aje na pasipoti yake. Jumba la mjusi hufungwa Jumatatu, na wakati wa sikukuu saa zao hubadilika. Angalieni kabla hamjachagua siku.

Msichukue hoteli. Kodini apatimenti ya siku chache yenye vyumba viwili na jiko, ili mama apike uji wa mtoto na asiamke akiwaza kifungua kinywa kina nyama gani. Chakula cha halali kipo kwa wingi Sonnenallee kwa Waarabu na Kreuzberg kwa Waturuki, wala hakuna haja ya kubeba mapochopocho kutoka Hannover. Dawa za presha za mama, kama anatumia, zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, zisiwe kwenye sanduku.

Na sasa jioni zako. Magharibi inaingia mapema, mtoto anaoga, anakula, saa moja amelala. Mama amekaa kwenye joto, miguu imepumzika, na wewe na mumeo hampo mbali, simu iko mkononi. Hapo ndipo "niacheni tu na mjukuu wangu" inapokuwa ya kweli, kwa sababu mchana ametembea nanyi. Tokeni. Taa zinawaka mji mzima, na baadhi ya masoko ya Krismasi huendelea mpaka mwisho wa mwaka. Nunueni njugu za kukaangwa na sukari, zile za moto kwenye karatasi, mtembee mkila, glovu mkono mmoja tu ili mwingine ashikwe. Msizungumze habari za zamu wala za kodi ya nyumba.

Jambo la mwisho ni tarehe. Rudini tarehe 30, msibaki mpaka tarehe 1. Usiku wa mwaka mpya Berlin fataki hupigwa barabarani, mitaa mingi, hata miguuni mwa watu, na mtoto wa miaka miwili na mama mtu mzima wataogopa usiku kucha.

Leo ukitoka kazini pitia duka la viatu. Umeshamuuliza mama namba ya mguu wake?