Shangazi, niiachie yadi Subaru yangu?

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Kisauni, Mombasa. Kwa miaka tisa nimekuwa na Subaru Impreza WRX STI ya 2006, lile la macho ya mwewe. Tumelijenga kidogo kidogo mimi na fundi wangu wa Changamwe: turbo kubwa, intakula ya mbele, ekzosti, springi za kulishusha, rimu za dhahabu. Lilikuwa la rangi ya fedha, tukalipaka buluu. Risiti zote zinafika laki tisa. Sasa nimeona Volkswagen Golf R ya 2018 kwenye yadi moja ya kuuza magari, milioni 3.9. Watachukua langu kwa milioni 1.3, mimi niongeze zinazobaki. Nilidhani langu halipungui milioni 2.4! Mke wangu hapingi, ila anasema Subaru inamwamsha mtoto. Fundi sijamwambia. Wenzangu wakisikia wataniita msaliti. Nishauri.

Marahaba, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa na Datsun 160J, na Pasaka ikifika tulilala kando ya barabara ya vumbi tukimngoja dereva Shekhar Mehta apite kwenye mbio za Safari Rally. Kwa hiyo barua yenye neno turbo hainikunjishi uso.

Hizo laki tisa umeshazila. Ulizila kila Jumapili ulipoipandisha Mazeras huku ukishusha kioo ili usikie mngurumo. Mtu wa yadi halipii ekzosti. Anamwaza mteja wake wa kesho, mwalimu au muuguzi anayetaka gari lisilo na maswali, na injini iliyokwisha kufunguliwa na kuongezwa nguvu ni maswali matupu. Hakudharau kazi yako. Hana tu wa kumuuzia.

Halafu hiyo buluu. Je, logbook, ile hati ya umiliki, inasema buluu au bado inasema fedha? Na injini, ni ileile iliyokuja nayo? Kama rangi au nambari ya injini hailingani na karatasi, yadi ina haki ya kukata bei, na mnunuzi mwingine yeyote atakata vilevile. Malizana na NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwanza, ndipo uanze kutaja bei.

Sasa hii milioni 1.3. Usiitazame peke yake. Mtume ndugu yako aulizie Golf ileile kama mtu wa pesa taslimu, asiye na gari la kubadilisha. Akiambiwa milioni 3.6, basi yako wameithamini kwa milioni moja, na zile laki tatu ni bei ya Golf iliyovimbishwa ili ujisikie vizuri. Hesabu ya kushika ni moja: utatoa kiasi gani mfukoni hadi ukabidhiwe ufunguo. Kwa maneno uliyoandika ni milioni 2.6, nawe hukuniambia ni akiba au ni mkopo. Kama ni mkopo, mama mtoto aione karatasi ya benki kabla hujatia sahihi. "Hapingi" si sawa na "anajua".

Mimi nisingeipeleka yadi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo STI ya 2006 haitashuka tena bandarini. Zilizopo ndizo hizi, na kila mwaka moja inakunjwa kwenye mti. Subaru wenyewe walitangaza Machi 2022 kwamba WRX mpya haitakuwa na toleo la STI. Golf za miaka ya karibu bado zinateremshwa melini, na zinashuka bei kila Januari. Wewe unabadilisha kitu kinachoadimika kwa kitu kinachoongezeka, tena unamlipa mtu akubebee. Mnunuzi wako ni kijana anayejua kwamba Impreza ndiyo aliyoshindia Colin McRae Safari ya 1997 na Richard Burns ile ya 2000, anayeiota hiyo buluu yenye rimu za dhahabu. Huyo hutampata yadi.

Lakini sisemi usiuze. Nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona mahali uliposema bado unaipenda. Umeichoka, mwanangu, na unaona haya kulitamka. Si dhambi. Klachi nzito kwenye foleni ya Nyali ukiwa na miaka 27 ni mchezo. Ukiwa na 36 na mtoto kiti cha nyuma, ni goti.

Ukiitaka Golf, iulize maswali magumu kama yale watakayoiuliza Subaru yako. Ikiwa ilitoka Japani, dai karatasi ya mnada na ulinganishe kilomita. Ukikuta humo gari limepewa daraja la R, iligongwa ikatengenezwa. Uliza oili ya giaboksi na ya Haldex, ule mtambo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, zilibadilishwa lini, na kama jibu ni "gari bado jipya hili", shuka. Iangaliwe pampu ya maji, injini hizo zinajulikana kwa kuvuja hapo. Ipimwe kwa kompyuta na fundi asiye wa yadi.

Wenzako waache waseme. Nusu yao wataishia kwenye Prado.

Aliyebaki ni fundi, na nadhani ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Unaogopa kumwambia, na huku yeye ndiye unayemhitaji kuliko sisi sote. Anajua turbo ya kwanza na springi asili zilikowekwa. Ukizirudisha, hizi za sasa unaziuza kando, kila moja kwa anayeitafuta. Anajua ndani ya injini hiyo mna nini, na mnunuzi wa kweli atataka kulisikia hilo kinywani mwake. Huenda hata mnunuzi mwenyewe anamjua, maana vijana wa Subaru wote hupita pale kuomba ushauri wa bure. Asije akaikuta kwenye geti la yadi na kibandiko cha bei kiooni, kazi ya mikono yake miaka tisa.

Nenda asubuhi, kabla hajaingia chini ya gari la mtu. Ichukue hiyohiyo Subaru.