Maswali ya Wasomaji: Programu inanipatia majibu yote, mbona mtihani unanishinda?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwa mihula miwili nimekuwa nikitumia programu ya simu inayopiga picha ya mlinganyo na kuutatua hatua kwa hatua. Kazi za nyumbani nazipata zote, lakini katika mtihani, ambapo simu hairuhusiwi, nakwama hata kwenye maswali yanayofanana na niliyoyafanya wiki iliyotangulia. Mwalimu wangu ameniambia niifute. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako ameuona ugonjwa, ingawa mimi ningependekeza dawa nyingine: ibakize programu, lakini usiifungue mpaka uwe umemaliza swali kwa mkono wako. Anayesoma utatuzi uliokwisha kuandikwa huona kila mstari una maana na hudhani ameelewa, kumbe uamuzi mgumu, yaani kuchagua la kufanya kwanza, umekwisha kufanywa kwa niaba yake. Uamuzi huo ndio unaopimwa na mtihani.

Kwa hiyo fanya swali lote kwa kalamu hadi mwisho, hata ukihisi umekosea, kisha ulinganishe kazi yako na ya programu huku ukitafuta mstari wa kwanza ambapo zinaachana. Tuseme umepewa x² = 5x, ukagawanya pande zote mbili kwa x na kupata x = 5. Programu itakuonyesha majibu mawili, 0 na 5. Ukiinakili hiyo 0 na kuendelea na swali linalofuata, hutakuwa umejifunza lolote. Lakini ukirudi pale ulipogawanya, utagundua kwamba kugawanya kwa x kunaruhusiwa tu ikiwa x si 0, na kwamba hapo ndipo ulipolipoteza jibu moja bila kujua. Ungeandika x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, majibu yote mawili yangejitokeza. Neno aljebra lenyewe linatokana na neno la Kiarabu al-jabr, ambalo mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad alilitumia katika karne ya 9 kwa kitendo cha kukirejesha kiasi kilichotolewa kwa kukiongeza pande zote mbili. Napenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hili, kwa sababu somo hili lilipewa jina la kitendo cha mikono.

Kosa hilohilo unaweza kuliona kwa macho ukitumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Andika y = x², kisha y = 5x, na utaona mchoro uliopinda na mstari ulionyooka vikikutana mahali pawili, x ikiwa 0 na x ikiwa 5. Kwangu mimi, mchoro wa namna hiyo una faida kubwa kuliko hatua kumi zilizoandikwa, kwa kuwa unakuonyesha jibu liko wapi na kukuachia wewe kazi ya kulifikia.

Uwe mwangalifu unapoandika maswali kwenye programu. Ukiandika x + 6/2, itagawanya 6 peke yake. Ukitaka jumla yote igawanywe, weka mabano: (x + 6)/2. Programu za mazungumzo zinazotumia akili mnemba nazo zinaweza kukosea hesabu huku zikieleza kwa ufasaha mkubwa, kwa hiyo ziombe dokezo la hatua ya kwanza tu, na jibu ulihakiki mwenyewe.

Uhakiki huo hauhitaji simu, na katika mtihani utakuwa nao: rudisha jibu lako mahali pa x katika mlinganyo wa awali. Chukua √(x + 6) = x. Ukipandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha 2, unapata x² − x − 6 = 0, ambao majibu yake ni 3 na −2. Ukirudisha 3, pande zote mbili zinakuwa 3. Ukirudisha −2, upande wa kushoto unakuwa 2 na wa kulia −2, kwa hiyo jibu hilo linakataliwa. Lilizaliwa na kule kupandisha kipeo, kwa sababu 2 na −2 zote zikipandishwa hivyo hutoa 4.

Ukitaka kuanza leo, jaribu √(2x + 3) = x. Hapa pia utapata majibu mawili, na moja halifai. Simu ibaki imezimwa hadi utakapokuwa umeandika kwenye daftari lako ni lipi, na kwa nini.