Afadhali sharti lililoandikwa kuliko "tutakupigia"

Swali la wiki hii limeuliza kama mwajiri ana haki ya kumkataa mwombaji kazi kwa sababu ya tatuu inayoonekana. Naamini anayo, ilimradi alitangaze sharti hilo mapema na aweze kueleza linahusianaje na kazi yenyewe. Na kwa nilivyoona katika idara ya utumishi ya hoteli, wengi wetu hatutimizi hata moja kati ya hayo mawili.

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania huweka wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Sharti hilo ni kali, na mtu ana haki ya kulipinga, lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne hulisoma kabla hajapoteza nauli. Kwetu sekta binafsi tangazo hutaka "mwonekano nadhifu" tu, usaili unakwenda vizuri mpaka mkono wa shati upande, wasaili wanatazamana, kisha mwombaji anaambiwa atapigiwa simu. Nimekaa upande wa wasaili, na najua simu hiyo haipigwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, rangi, jinsia, dini, ulemavu na mingineyo, lakini tatuu haikutajwa humo, kwa hiyo hata angeelezwa sababu, aliyekataliwa asingepata pa kushika.

Wapo wanaodai kwamba ngozi yenye michoro ni ugeni kwetu. Bibi harusi wa juzi anarudi dirishani benki akiwa na hina na piko mpaka kwenye kiwiko, anahesabu noti, na wateja wanampa hongera. Wazee wa Kimakonde waliochanjwa usoni, chale zikasuguliwa masizi zikabaki na rangi ya buluu iliyokoza, walikata mkonge Tanga na kulinda nyumba za watu Dar es Salaam, na sijapata kusikia kwamba uso ule uliwanyima kazi. Kwa mlinzi, nadhani, ulikuwa sifa. Najua hina hufutika na tatuu hubaki, na kwa Waislamu wengi tofauti hiyo ndiyo mpaka wa halali na haramu. Hata hivyo, katika vikao vyetu vya usaili sijasikia mtu akitaja dini. Kinachonong'onwa ni bangi, jela na uhuni, na binti hudhaniwa mabaya zaidi kuliko kijana wa kiume mwenye mchoro uleule.

Hoja ya mameneja ni kwamba mgeni hatapenda. Mgeni huyo mara nyingi ameshuka kwenye ndege akiwa amechorwa mikono yote miwili! Mashirika ya ndege, ambayo hakuna anayeyashinda kwa ukali wa sare, yameanza kulegeza: Air New Zealand ilifanya hivyo mwaka 2019, baada ya malalamiko ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ambao michoro yao ni ya ukoo, na Virgin Atlantic ikafuata mwaka 2022. Mhudumu wetu mmoja wa mapokezi, mwenye ndege mdogo kwenye kifundo cha mkono, aliamriwa amfunike kwa plasta. Wageni wakawa wanampa pole na kumuuliza ameumizwa na nini. Kabla ya plasta hakuna aliyeuliza chochote.

Jikoni mambo ni mengine. Tatuu mbichi ni kidonda, na mwenye kidonda hagusi chakula bila kukifunika, awe amechorwa au amejikata kwa kisu. Mchoro wenye tusi, picha ya utupu au chuki dhidi ya watu fulani nao nisingeukubali mbele ya mteja, na ningeliandika hilo kwenye tangazo bila kuona haya. Nimependekeza aya ya namna hiyo kazini kwetu. Imekubaliwa kwa nafasi za jikoni, usafi wa vyumba na bustani. Kwa mapokezi, ambako ndiko hasa ilikohitajika, uongozi bado unataka "mwonekano nadhifu".