Maswali ya Wasomaji: Je, Maziwa Yangu Hayamtoshi Mtoto?

SWALI: Mtoto wangu wa kwanza ana umri wa wiki tano. Jioni hulia mfululizo na hutaka kunyonya kila mara, na matiti yangu hayajai tena kama wiki za mwanzo. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni machache, hivyo nianze kumpa maziwa ya kopo usiku. Nifanyeje?
Mama wa mara ya kwanza

JIBU: Dada, hakuna hata moja kati ya dalili ulizozitaja inayothibitisha kwamba maziwa ni machache. Matiti hulegea baada ya wiki chache kwa sababu mwili umeshazoea kiasi anachohitaji mtoto, na watoto wengi wa umri huo hulia jioni na kunyonya kwa kufululiza hata kama wanashiba vizuri. Vya kutazama ni uzito na mkojo. Mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha kwa kawaida huwa ameurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, na kuanzia hapo mstari wa kadi ya kliniki unapaswa kupanda. Anapokojoa mara sita au zaidi kwa siku, tena mkojo wa rangi hafifu, anapata maziwa ya kutosha.

Ushauri wa chupa ya usiku umetolewa kwa nia njema, lakini una kasoro kubwa. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa: mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, pamoja na oksitosini inayoyasukuma yatoke, ilhali ziwa lililoachwa limejaa hupunguza utengenezaji wake. Prolaktini hutolewa kwa wingi zaidi usiku. Kwa hiyo mama anayeruka kunyonyesha usiku huona maziwa yakipungua kweli baada ya siku kadhaa, huongeza chupa ya pili, na hofu iliyoanza bila msingi hujithibitisha yenyewe.

Ikiwa kadi inaonyesha kwamba uzito hauongezeki, usisubiri; nenda kituo cha afya na umwombe mhudumu akutazame unaponyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi tatizo liko kwenye namna mtoto anavyolishika ziwa. Kinywa kiwe kimefunguka sana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Maumivu yanayoendelea ni ishara kwamba hajashika vizuri. Wapo pia akina mama wachache ambao miili yao haitoi maziwa ya kutosha kwa sababu za kitabibu, na kwao nyongeza inayoelekezwa na mhudumu si aibu hata kidogo. Nisemalo mimi ni kwamba mabango ya kuhimiza unyonyeshaji ni mengi kuliko watu wanaokaa kando ya mama kumsaidia. Mama mkwe wako anaweza kuwa mmoja wao: ampakate mtoto baada ya kunyonya ili ulale.

SWALI: Mke wangu atarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu na nusu. Mwajiri wake anasema kunyonyesha ni mambo ya nyumbani. Je, ana haki yoyote?
Baba wa mtoto mmoja

JIBU: Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, pamoja na mapumziko ya kila siku ya kunyonyesha au kupunguziwa saa za kazi, muda huo ukihesabiwa na kulipwa kama wa kazi. Si nchi zote zilizouridhia, hivyo someni kwanza sheria ya kazi ya nchi yenu. Hata hivyo wiki 14 hazifiki miezi sita ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee, na pengo hilo linaachiwa familia.

Mkeo aanze kujizoeza kukamua wiki moja au mbili kabla ya kurudi kazini, kwa mikono safi na katika chombo safi chenye mfuniko. Maziwa hayo hukaa kwa muda usiozidi saa nne katika joto la kawaida la chumbani, na hadi siku nne ndani ya friji. Yasichemshwe, chombo kiwekwe ndani ya maji ya uvuguvugu. Mtoto anaweza kuyanywa kwa kikombe kidogo, ambacho husafishwa kwa urahisi kuliko chupa. Kuosha vyombo na kumnywesha ni kazi unazoweza kuzichukua wewe.

SWALI: Wakati wa joto kali, nimpe mtoto wa miezi miwili maji kidogo?
Bibi

JIBU: Hapana, bibi. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, takriban asilimia 87, ni maji. Maji ya ziada hujaza tumbo dogo bila lishe na yanaweza kumletea mtoto vijidudu vya kuhara. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Dawa, au maji ya chumvichumvi yaliyoagizwa na mhudumu, apewe kama alivyoelekezwa. Akitimiza miezi sita ataanza chakula cha nyongeza, mara mbili hadi tatu kwa siku, pamoja na maji safi, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.