Jibu: Samaki mezani kila wiki hata kama wote mnarudi jioni (Tabora na Kigoma)

Dada uliyeuliza, swali lako limenigusa kwa sababu ndiyo maisha yangu. Umesema wewe na mume wako mnafanya kazi, mnafika nyumbani giza limeshaingia, watoto ni watatu, na samaki mnamla siku ya wageni tu kwa kuwa ana kazi nyingi. Kuna waliokushauri samaki wa kopo. Kopo lina nafasi yake kabatini siku ya dharura, ila kwa mtu anayeishi Tabora, mji ambao treni na mabasi ya Kigoma yanapita kila mara, ipo njia yenye ladha zaidi na inayowafaa watoto zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nimeolewa Tabora mjini, na kazi inanitoa asubuhi kunirudisha jioni. Ninachokiamini ni hiki: samaki hachelewi kuiva. Mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, akiwa mbichi na ameshakatwa anaiva mapema tu, ugali ukiwa bado jikoni. Kinachokula muda ni kuparua, kutumbua, kuchambua, kuosha na kuondoa shombo. Kazi hizo zitoe kabisa kwenye siku za kazi, uzipeleke Jumamosi ambapo mikono ni mingi. Nyumba nyingi zinashindwa kwa kuwa zinataka kuanza na kumaliza yote Jumatano saa moja usiku, watoto wakilia njaa.

Anza na dagaa wa Kigoma, usianze na samaki wakubwa. Unapowanunua, chota kiganjani, angalia rangi kisha nusa. Dagaa mzuri bado ana weupe wa fedha. Akishakuwa wa njano na kunuka mafuta yaliyochacha, ndiyo hivyo, mafuta yake yameshaharibika, na hata ukipunguziwa bei mwache hapo hapo. Muulize muuzaji walikaushiwa wapi. Waliokaushwa juu ya chanja wanakuja safi. Waliotandazwa chini wanabeba mchanga, na mtoto akiusaga mchanga kwenye meno mara moja tu, kumrudisha kwenye dagaa ni kazi nzito. Wa chanja huwa na bei ya juu kidogo, na mimi nailipa bila kusita.

Jumamosi tunawamwaga kwenye ungo, watoto wanachambua, na kwa kweli wanaipenda kazi hiyo. Dagaa wadogo hatuwatoi vichwa, kwa sababu faida kubwa ya dagaa ni kuliwa mzima. Kalsiamu inayojenga mifupa ya mtoto iko kwenye vile vimifupa vyake. Wakishachambuliwa nawaosha haraka kwa maji ya uvuguvugu, siwaloweki, nawachuja na kuwaanika juu ya kitambaa safi mpaka wakauke tena. Kisha nawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, nikigeuza mpaka ukimvunja mmoja analia "kach". Wakipoa kabisa wanaingia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana, mbali na mwanga. Usiwafunike wakiwa na joto, watatoa jasho ndani na kuota ukungu.

Hapo umemaliza kazi. Siku ya wiki ukirudi, pasha mawese kidogo, kitunguu, nyanya, hoho, mimina dagaa wako, kisha karanga zilizosagwa ulizokoroga kwa maji ya moto. Acha zichemke mpaka mafuta yaanze kujitenga juu, kamulia ndimu, epua. Dakika 15 hivi. Karanga Tabora zipo tele, mawese yanatoka kwetu Kigoma, kwa hiyo hiki ni chakula cha pande zote mbili za reli. Na tafadhali msiyaunguze mawese mpaka yapauke kama wanavyofanya wengi ili kuondoa harufu. Wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unaumaliza.

Sehemu ya dagaa hao hao mimi nawasaga. Kinu kinatosha, blenda ni haraka zaidi, halafu nachekecha. Huo unga ndio uliobadilisha ulaji wa nyumba yangu kuliko pishi lolote. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wa maharage, kimoja kwenye mlenda au matembele, na hata siku ambayo hukupika samaki, watoto wamekula samaki. Kwa mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza, yaani miezi 6 na kuendelea, unga uliochekechwa laini unaingia kwenye uji au viazi vilivyopondwa, anza na kidogo uone anavyoupokea. Hakikisha tu dagaa hao hawakutiwa chumvi. Protini, chuma, zinki, vitamini B12, vyote vimo, na kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia.

Sasa migebuka na sangala (samaki mwingine mkubwa wa ziwa hilo) wabichi. Hapa watu wa Tabora mnaumia kwa kutojua jambo moja ambalo Kigoma mtoto mdogo analijua: angalia mwezi kabla ya kutoa hela. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unavuta dagaa, migebuka anawafuata dagaa kwa kuwa ndio chakula chake, na wote wanaingia nyavuni. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima lina mwanga, taa za mitumbwi hazivuti tena, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Siku hizo samaki wabichi ni wachache na bei inapaa, na mara nyingine unayeuziwa ni wa zamani. Usiku wa giza ndio wakati wa kununua kwa wingi na kuhifadhi. Ukiwa Kigoma mjini, nenda mwaloni Kibirizi asubuhi mapema mitumbwi ikifika.

Akiba hiyo si ya mbalamwezi peke yake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na niliunga mkono kwa moyo wote, maana ziwa lile ndilo lililonisomesha. Nyumba zilizokuwa na dagaa wakavu ndani hazikuyumba.

Ukimchagua mbichi, jicho liwe limejaa na angavu, shavu likifunuliwa liwe jekundu, ukibonyeza mnofu urudi. Migebuka asikae juani wala kwenye ndoo bila barafu. Akishaharibika kwa joto anaweza kukuwasha mwili na kukuumiza kichwa hata ukimpika vizuri. Mlipe kijana wa pale pale sokoni amparue, amtumbue na kumkata vipande. Ni hela ndogo inayokuokoa saa nzima. Nyumbani paka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, gawa kwenye mifuko kwa mlo mmoja mmoja, gandisha. Asubuhi ukitoka kwenda kazini, hamishia mfuko mmoja kutoka juu kwenda chini kwenye friji. Jioni samaki ameshalainika, unakaanga.

Kama huna friji, usikate tamaa. Nunua migebuka waliobanikwa kwa moshi. Mwagia maji ya moto, subiri kidogo, mvunje, toa mifupa, mtie kwenye karanga au mchuzi wa nyanya. Waning'inize mahali pakavu penye hewa, na ukiona wamelegea warudishe juu ya jiko la mkaa lenye moto hafifu wakauke.

Umesema mtoto wako wa kati anaogopa miiba tangu imkwame. Msimlazimishe. Mpe katlesi: chemsha samaki, chambua mnofu kwa vidole (usitumie uma, vidole ndivyo vinaugundua mwiba), changanya na viazi vilivyopondwa, kitunguu, karoti, giligilani, yai, tengeneza viduara na kaanga. Zinabebeka shuleni na zinagandishwa vizuri. Kambale pia ni rafiki wa watoto kwa kuwa hana ile miiba midogo ya kujificha ndani ya mnofu. Tabora mnawapata, wengine wanatoka upande wa Mto Malagarasi. Sangala naye mifupa yake ni mikubwa, inaonekana.

Kuhusu shombo ambalo mume wako halipendi: vyombo vya samaki vioshwe kwanza kwa maji ya baridi na ndimu au siki, sabuni ifuate. Ukianza na maji ya moto shombo linaganda. Kaanga nje kwenye jiko la mkaa ikiwezekana, na taka za samaki zisilale ndani.

Kwa ratiba, sisi tunajiwekea samaki mara mbili kwa wiki kama mlo mkuu, na unga wa dagaa siku nyingine tunapotaka. Wataalamu wengi wa lishe wanashauri hizo mara mbili, na ukishakuwa na chombo cha dagaa kabatini zinatimia bila kujisukuma.

Ukipata mtu wa Kigoma wa kukutumia mzigo, mwambie dagaa wafungwe kwenye mfuko mkavu ndani ya boksi, wasichanganywe na mawese wala ndizi, na wasafiri mara baada ya kununuliwa. Wakifika usiwaache kwenye mfuko wa safari. Wamwage kwenye ungo siku hiyo hiyo, uwaanike hata saa chache, ndipo uwahifadhi. Mkikwama kwenye katlesi au kwenye unga wa mtoto, uliza hapa hapa, nitajibu jioni nikitoka kazini.